Mpira wa Kichwa Si wa Watoto Wadogo

Tunapoanzisha timu za watoto vijijini, tukumbuke kwamba mtoto wa miaka sita ana kichwa kizito na shingo changa. Akipiga mpira kwa kichwa au akigongana na mwenzake, ubongo hutikisika. Ndiyo sababu mwaka 2015 shirikisho la kandanda la Marekani lilikataza watoto wa miaka 10 kwenda chini kupiga mpira kwa kichwa.

Basi tuwaanzishe na mbio, chenga na pasi. Wakubwa wasichanganywe na wadogo. Mtoto akigongwa, kisha aumwe na kichwa, atapike au asikie kizunguzungu, tusimwambie “jikaze wewe!” Atoke uwanjani, asirudi siku hiyo, na apelekwe dispensari mara moja.