Mahindi ya kukula ao mahindi ya kupanda?



Kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anakutana na lile somo la uchumi lenye kuanza na safu mbili ubaoni. Kushoto: bidhaa za matumizi. Kuume: bidhaa za uzalishaji. Mwalimu anaandika mukate kushoto, jembe kuume; shati kushoto, mashini ya kusaga kuume. Tunanakili, mutihani unapita, tunasahau. Sisi wa kilimo njo tulisahau mbio kuliko wote, juu tulikuwa tunasema somo hili ni la watu wa uchumi, kwetu wameliweka kwa kujaza saa tu.

Kwetu siku ile mwanafunzi mumoja aliinua mukono: «Asista, mahindi tunayaweka wapi?» Watu wakacheka. Asista akajibu: «Kushoto, ni chakula.» Yule akaendelea: «Na mbegu?» Asista akaangalia ubao kidogo, kiisha akasema: «Inategemea mwenye kuyashika anataka kuyafanya nini.» Nilikamata miaka mingi mbele ya kuelewa kama somo lote lilikuwa ndani ya jibu lile.

Tuanze na maana. Bidhaa ya matumizi ni kitu chenye kutimiza haja ya mutu moja kwa moja: unakula, unavaa, unaoga nacho. Ingine inaisha mara moja, kama sabuni na makala. Ingine inadumu, kama kitanda na sufuria. Bidhaa ya uzalishaji ni kitu chenye kusaidia kutengeneza kitu kingine. Lakini kitu chenyewe hakizaliwi na jina lile. Ni kazi yake njo inakipa jina. Sukari kwenye meza yako asubui ni matumizi. Sukari ile ile mikononi mwa mama wa vitumbula ni uzalishaji, juu kesho inapaswa kumurudishia franga na faida juu. Pikipiki ya kutembelea siku ya mungu na pikipiki ya kubeba abiria ni chuma kimoja, lakini ni bidhaa mbili.

Sasa tuingie kwetu Katanga, penye kitu kimoja kinakaa safu zote mbili: mahindi. Bila bukari mutu anasema hajakula, hata kama alikula viazi sahani nzima. Kwa hiyo mufuko wa mahindi ndani ya nyumba ya mukulima unabeba vitu viwili: bukari ya leo na shamba la mwaka kesho. Hakuna mustari wenye kupita katikati ya mufuko. Mama wa nyumba njo anauchora kila siku, na mukono wake.

Tufanye hesabu. Hekta moja ya mahindi inaomba karibu kilo 25 za mbegu. Mavuno ya wastani ya mukulima wa Kongo iko chini ya tani 1 kwa hekta. Tuseme kilo 800. Tuseme tena jamaa ya watu 6 inakula kilo 2 na nusu za mahindi kwa siku. Wakikula zile kilo 25, wanashiba siku 10. Wakizipanda, mavuno yanawalisha siku 320, ni kusema zaidi ya miezi 10. Siku 10 na miezi 10: njo tofauti ya safu ya kushoto na safu ya kuume.

Mutu wa muji akisoma hesabu hii anasema mara moja: basi wale wenye kukula mbegu hawana akili. Hapana. Mwaka 1857, Mujerumani mumoja mwenye jina la Ernst Engel alichunguza bajeti za jamaa za wafanyakazi wa Ubelgiji. Aliona kama jamaa ikizidi kuwa masikini, fungu la feza zake lenye kwenda kwa chakula linazidi kuwa kubwa. Tunaiita sheria ya Engel, na tuliijibu wote kwenye mutihani. Lakini fikiri maana yake kijijini. Mutu mwenye mushahara, bei ya unga ikipanda, anaweza kupunguza bia, nguo, ao vocha za simu. Mwenye feza zake karibu zote zinaenda kwa chakula, atapunguza nini? Hana kingine cha kukata. Anabakia na kile cha upande wa kuume: mbuzi, jembe, mbegu.

Na kalenda yetu inamukaza zaidi. Tunavuna mwezi wa 4 na wa 5. Wakati ule kila mutu iko na mahindi, bei iko chini, lakini deni zinamungojea mukulima, masomo ya watoto pia. Anauzisha mingi kwa bei ndogo. Mvua inarudi karibu mwezi wa 11, anapanda. Kuanzia mwezi wa 1 ghala iko tupu, na yule aliyeuzisha sasa ananunua kwa bei ya juu, kwa meka moja moja. Tena bei yetu haitengenezwi hapa peke: unga na mahindi mingi ya Lubumbashi inapitia Kasumbalesa kutoka Zambia. Mwaka 2024, Zambia ilipotangaza ukame kuwa musiba wa taifa, musukosuko ule ulifika mupaka kwenye sahani zetu.

Wakati nilikuwa natayarisha kazi yangu ya kumaliza lisansi, nilikaa majuma kadhaa katika kijiji kimoja upande wa barabara ya Kasenga. Mbegu za musaada zilifika pale mwezi wa 1, wakati wa kupanda umekwisha pita. Zilikuwa zimepakwa dawa, na rangi ya waridi, vile zinakuwaka. Mama mumoja alishika mbegu kwenye kiganja, akaniuliza kwa sauti ya chini: «Mwanangu, hii rangi inatokaka na maji?» Mimi nilianza kumufasiria namna ya kupanda, nafasi kati ya mistari, mbegu mbili kwa kila shimo. Nilijibu swali ambalo hakuuliza. Yeye alikuwa anauliza kama kitu hiki kinaweza kurudi kwenye safu ya kushoto, juu ya watoto wenye kungojea nyumbani.

Ndugu zangu, swali lile liliishaka kuua watu. Mwisho wa mwaka 1971, Iraki ilipokea mbegu nyingi za ngano na shayiri kutoka inchi za kigeni, zilizopakwa dawa yenye zebaki na kutiwa rangi ili watu wajue kama si chakula. Kwa wakulima wengi zilifika wakati wa kupanda umepita. Maonyo mengine kwenye mifuko yalikuwa katika Kispanyola, luga ambayo hakuna mukulima wa pale aliisoma. Njaa ilikuwa pale. Watu wakaosha nafaka, rangi ikatoka, wakazani sumu imetoka nayo, wakapika mikate. Ugonjwa haukuonekana mara moja. Ulikuja kiisha majuma, wakati wamekwisha kukula mingi. Zaidi ya watu 6,500 waliingizwa hospitalini, na 459 wakafia mule.

Dawa ya mbegu za leo si ile ya zebaki, lakini bado ni sumu, na maji hayaitoshi. Ukiwa na mbegu zenye rangi nyumbani, usizikule, usizipe kuku, usiweke chakula ndani ya mufuko wake. Wambie na wazazi kijijini, kwa luga yao.

Kwa sisi wa kilimo, nafikiri somo la mwaka wa kwanza linatuachia kazi tatu.

Ya kwanza ni kufika kwa wakati. Mbegu ya mwezi wa 10 ni uzalishaji. Mbegu ile ile mwezi wa 1, mbele ya mutu mwenye njaa, imekwisha kuwa kishawishi.

Ya pili: usilete mbegu peke penye njaa. Mashirika yenye uzoefu yanagawa chakula pamoja na mbegu wakati wa kupanda, ili mbegu ilindwe na bukari yenyewe. Wengine wanaona ni kuharibu feza. Lakini tunarudi kwa hesabu yetu: chakula cha siku 10 kinaokoa mavuno ya miezi 10.

Ya tatu ni kutenga mapema. Wazee wetu walichagua masuke mazuri siku ya mavuno, wakayatundika juu ya moto jikoni, moshi ukafukuza wadudu. Mahindi yenye kutundikwa juu ya moto yamekwisha kupewa jina. Hakuna mutoto atayachukua kwa kuchoma. Lakini angalia aina: aina za kawaida unaweza kuzirudisha shambani misimu kadhaa. Za ibridi, ukipanda watoto wake, nguvu inashuka, kwa hiyo pale inapaswa kutenga feza ya kununua ingine.

Na wewe usiyekuwa wa kilimo, usizani haikuhusu. Mushahara wa kwanza pia ni mufuko wa mahindi. Simu, kompyuta, ile pikipiki unayoipigia hesabu: hakuna moja iko mbaya kwa sura yake. Jiulize tu mbele ya kulipa: hii nitaikula ao nitaipanda? Kukula si zambi, mutu anapaswa kukula. Zambi ni kukula mbegu huku unasema unapanda.

Yule mama, sikumujibu vizuri siku ile. Jioni nilirudi kwake, nikamwambia: «Mama, rangi inatoka, lakini dawa inabakia.» Akanyamaza. Kiisha akachukua kile kimufuko, akakifunga kamba, akakitundika juu kabisa, penye mikono ya watoto haifike, kungojea mvua ya mwaka wenye kufuata.