Mwanao Anapokwenda Chuo, Atalalia Nini?

Barua ya chuo imefika. Nyumba nzima imefurahi, majirani wamekuja kutoa pongezi, na sasa baba na mama wameketi na karatasi ya mahitaji. Ada, nauli, madaftari, ndoo. Mwishoni kabisa, fedha zikiwa zimekaribia kwisha, ndipo hukumbukwa jambo la malazi. Hapo hununuliwa godoro jembamba la bei ya chini pamoja na blanketi kubwa lenye picha ya simba, kwa kuwa blanketi ndilo litakaloonwa na wenzake.

Ndugu mzazi, huko ni kuanza na mwisho. Blanketi la fahari halimfai kijana anayeamka mgongo ukimwuma, wala aliyekesha akijigeuza hawezi kumsikiliza mwalimu asubuhi. Anza na kile kinacholaliwa, kifuate chandarua, na pambo liwe la mwisho.

Kabla ya kwenda dukani, soma maelekezo ya chuo. Viko vyuo vinavyotoa godoro, na viko vinavyotoa kitanda kitupu. Uliza na kipimo. Vitanda vingi vya bweni ni vyembamba, vya futi mbili na nusu au tatu kwa sita, tena aghalabu vya ghorofa. Godoro pana kupita kitanda litaning'inia ubavuni. Na kwa kitanda cha juu, godoro nene kupita kiasi humwinua mlalaji hata kile chuma cha pembeni kisiweze kumzuia asianguke.

Wazee wetu walilalia usufi na makumbi ya nazi. Siku hizi wengi wetu tunalalia sponji. Usidanganywe na kitambaa cha juu. Kandamiza godoro kwa ngumi kisha uachie: lililo zuri hurudi upesi, na lililo hafifu hubaki na shimo. Ukilinganisha mawili ya kipimo kimoja, lile zito zaidi kwa kawaida ndilo lenye sponji iliyoshikamana. Afadhali inchi nne za sponji imara kuliko inchi nane zitakazobonyea hata mwanao azihesabu chaga za kitanda kwa mbavu zake.

Chandarua si jambo la hiari. Mbu wa malaria huuma zaidi usiku, na homa ya wiki moja wakati wa mitihani yaweza kuharibu kazi ya mwaka. Chagua chenye dawa ya kudumu, kinachotosha kuchomekwa chini ya godoro pande zote. Kikifuliwa kianikwe kivulini, maana jua kali huipunguza nguvu dawa yake.

Kuhusu mashuka, jozi mbili zatosha: moja kitandani, moja kwenye kamba. Pamba hunyonya jasho; nailoni hulihifadhi mwilini. Ongeza foronya mbili na mto usio mrefu mno, shingo isipinde.

Blanketi nalo lichaguliwe kwa hali ya hewa. Anayekwenda Mbeya au Iringa, miji iliyo zaidi ya meta 1,500 juu ya usawa wa bahari, atalihitaji hasa mwezi wa Juni na Julai. Anayebaki Dar es Salaam atalikunja chini ya kitanda karibu mwaka mzima, na fedha yake ingefaa kuongezwa kwenye godoro.

Mfundishe pia mwanao kwamba akifika asitandike kwanza. Achunguze maungio ya kitanda na mishono ya godoro alilolikuta, maana kunguni hujificha humo mchana. Akiwaona, awaarifu wenye bweni mara moja, amwagie maungio ya chuma maji yanayochemka, na mashuka ayafue kwa maji ya moto. Kuwa na kunguni si aibu. Aibu ni kuwanyamazia hadi chumba kizima kikose usingizi.

Mwisho, mama, mtilie sandukuni kanga yako moja kuukuu, iliyolainika kwa kufuliwa. Usiku wa joto hakuna cha kujifunika kinachoishinda, na haiongezi gharama hata senti moja. Tena usiku ule wa kwanza, katikati ya watu asiowajua, itakuwa na harufu ya nyumbani.