Kabla ya kuitoza sukari ya wageni, tumlipe mkata miwa wetu

Msimu wa kuvuna unapowadia huku kwetu Ndhiwa, barabara za Kanyamwa na Kabuoch hujaa matrekta yanayokokota miwa kuelekea mizani. Huo ndio wakati ambapo kila mkutano wa wakulima, hata ukiitishwa kwa ajili ya mbolea, huishia kwenye mjadala wa sukari ya kutoka nje.

Katika mkutano mmoja wa namna hiyo mkulima mwenzangu alisimama na kutoa hoja iliyotuchangamsha sote. Alisema kwamba sukari ya Brazil ni rahisi kwa kuwa huko wakata miwa hutumikishwa kama punda. Kwa hiyo, alisema, serikali yetu iitoze ushuru wa ziada, ili anayemnyonya mfanyakazi wake asimshinde sokoni yule anayemlipa. Tulipiga makofi. Mimi pia nilipiga makofi.

Ndipo kijana mmoja aliyekuwa amesimama mlangoni, panga lake limeviringishwa katika kipande cha gunia, alipoomba ruhusa ya kusema. "Mwalimu," aliniambia, maana nilipata kumfundisha, "ushuru huo ukitozwa, nami nitalipwa zile tani za mwezi uliopita?"

Watu walicheka. Mimi sikuweza kucheka, kwa sababu baadhi ya tani hizo alizikata katika shamba langu. Karatasi yangu ya malipo ilionyesha kwamba gharama ya ukataji ilikuwa imekwisha kutolewa katika fedha zangu. Mimi nilikatwa, naye hakulipwa. Fedha hizo zilikwama mahali fulani kati ya ofisi na mkandarasi aliyemwajiri. Tangu siku hiyo nimekuwa nikilitafakari swali lake, na leo nataka kulijibu.

Kwanza, tumtendee haki mkulima aliyetoa hoja. Hakubuni jambo. Mwaka 2007 wakaguzi wa kazi nchini Brazil waliwaokoa wafanyakazi zaidi ya 1,000 katika shamba moja la miwa kwenye jimbo la Para, waliokuwa wakiishi na kufanya kazi katika hali ya kudhalilisha utu. Mwezi Novemba 2022 Marekani ilizuia sukari ya kampuni ya Central Romana ya Jamhuri ya Dominika, ikisema kwamba ilikuwa na dalili za kazi ya kulazimishwa. Wakata miwa wengi wa nchi hiyo ni watu wa asili ya Haiti. Aidha, sukari ya Brazil si jambo la mbali nasi. Mwaka 2017, ukame ulipoikausha miwa yetu na serikali ikaondoa ushuru, Kenya iliingiza karibu tani milioni moja za sukari, na nyingi kati yake zilitoka huko.

Wala wazo lenyewe si geni. Mkataba wa Havana wa mwaka 1948, ambao haukupata kutekelezwa, ulikuwa na kifungu kuhusu haki za wafanyakazi katika biashara. Marekani na Ufaransa zililifufua jambo hilo mjini Marrakesh mwaka 1994, wakati Shirika la Biashara Duniani lilipokuwa likiundwa. Mataifa yanayoendelea yalipinga. Katika mkutano wa mawaziri uliofanyika Singapore Desemba 1996, iliamuliwa kwamba masuala ya viwango vya kazi yashughulikiwe na Shirika la Kazi Duniani, na kwamba viwango hivyo visigeuzwe kuwa kisingizio cha kulinda masoko.

Hofu hiyo ilikuwa na msingi. Tazama sheria ya forodha ya Marekani ya mwaka 1930, iliyopiga marufuku bidhaa zilizotengenezwa kwa kazi ya kulazimishwa. Sheria hiyo ilikuwa na mlango wa nyuma: iwapo Marekani yenyewe haikuzalisha bidhaa hiyo kwa kiasi cha kutosheleza mahitaji yake, basi bidhaa ingeruhusiwa kuingia hata kama ilitengenezwa na watu walioshurutishwa. Mlango huo ulibaki wazi kwa zaidi ya miaka 80, na ulifungwa mwaka 2016. Kwa maneno mengine, jasho la mtumwa lilikuwa haramu pale tu lilipomshindania mfanyabiashara wa Marekani soko. Bidhaa ikihitajika, ilikuwa halali.

Je, sisi tutakuwa tofauti? Mwaka 2023 miwa ilipopungua, viwanda viliagizwa kusimamisha usagaji kwa miezi kadhaa, na serikali ikaruhusu tena sukari ya nje iingie bila ushuru. Sikumsikia mtu yeyote akiuliza ni nani aliyeikata miwa ya sukari hiyo. Mama anayeuza chai sokoni Ndhiwa alitaka sukari anayoweza kuinunua, na simlaumu. Lakini tukubaliane kwamba dhamiri inayolala wakati wa njaa na kuamka wakati wa mavuno inalinda bei.

Sasa nije kwenye swali la yule kijana. Nchi yetu haina uhaba wa ushuru wa sukari. Tangu umoja wa forodha wa Afrika Mashariki uanze mwaka 2005, sukari inayotoka nje ya kanda imetozwa asilimia 100. Kwa zaidi ya miaka 20 Kenya ilipewa pia kinga ya kuweka kikomo kwa sukari ya nchi za COMESA, kinga iliyoongezwa muda mara kwa mara kwa ahadi kwamba tungeitumia nafasi hiyo kujirekebisha. Sheria ya Sukari ya mwaka 2024 imeongeza tozo ya asilimia 4 kwa sukari ya ndani na ya nje. Fedha zake zimekusudiwa kustawisha miwa, kufanya utafiti, kukarabati viwanda na kutengeneza barabara. Yote hayo ni mema. Mkata miwa hakutengewa fungu lake.

Lau ushuru peke yake ungetosha kumwinua mfanyakazi, basi mkata miwa wa Ndhiwa na Awendo angekuwa miongoni mwa wafanyakazi wenye raha kuliko wote Afrika. Badala yake, viwanda vya umma vya sukari vilivyokuwa chini ya kinga hiyo vililimbikiza madeni ya mishahara na ya wakulima hadi serikali ikaamua mwaka 2025 kuvikodisha vinne, kikiwemo cha Awendo, kwa watu binafsi. Nao mkataji wa shambani hakuwa hata katika orodha ya waajiriwa wa kiwanda. Yeye huajiriwa na mkandarasi, hulipwa kwa tani, na mvua ikinyesha trekta likakwama, siku yake imekwenda bure. Akijikata mguu kwa panga, huo ni mguu wake.

Wala si kwamba hatuna sheria. Kenya iliidhinisha mkataba wa kimataifa dhidi ya kazi ya kulazimishwa mwaka 1964 na ule wa umri wa chini wa kuajiriwa mwaka 1979. Tunayo Sheria ya Ajira ya mwaka 2007. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 41, inampa kila mtu haki ya kutendewa haki kazini. Ofisa wa kazi ana mamlaka ya kisheria ya kuingia mahali pa kazi na kukagua. Kwa miaka yote niliyolima miwa, sijapata kumwona ofisa huyo akikanyaga shamba langu wakati wa kuvuna.

Hapo ndipo Brazil, tunayoinyoshea kidole, inapotufunza. Tunajua habari za wale zaidi ya 1,000 kwa sababu serikali yao wenyewe iliwatuma wakaguzi, ikawatoa, na ikatangaza. Tangu miaka ya 2000 nchi hiyo huchapisha majina ya waajiri waliopatikana na makosa hayo. Iwapo tutaitoza ushuru kwa ushahidi ulioletwa na wakaguzi wake, tutakuwa tumemwadhibu anayejikagua na kumwacha anayeficha. Nasi, ambao hatukagui, tutajiona wasafi. Nyani haoni kundule.

Kuna jambo jingine. Ushuru unaopigwa nchi nzima humfikia mnyonge kabla haujamfikia mkubwa. Swaziland, ambayo sasa huitwa Eswatini, iliondolewa na Marekani katika mpango wa AGOA kuanzia Januari 2015 kwa sababu ya kuwabana wafanyakazi na vyama vyao. Sheria zilirekebishwa, na nchi hiyo ikarudishwa mwaka 2018. Siwezi kudai kwamba adhabu ile haikufua dafu. Hata hivyo, katika kipindi hicho viwanda vya nguo vilifungwa na washonaji wakapoteza kazi. Waliotetewa ndio waliolipa gharama ya utetezi huo. Sisi pia tuna mabinti zetu Athi River wanaoshona nguo za kuuzwa Marekani. Mwezi Januari 2003 wafanyakazi wa eneo hilo waligoma wakidai mishahara na hali bora. Walitaka kiwanda kiwatendee haki. Hawakuomba kifungwe. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Hata hivyo, sisemi kwamba biashara na haki za wafanyakazi zitenganishwe kabisa. Upo mfano unaonipa matumaini. Mkataba wa biashara wa Marekani, Mexico na Kanada, ulioanza kutumika Julai 2020, unaruhusu kiwanda kimoja kichunguzwe bila kuiadhibu nchi nzima. Mwaka 2021 malalamiko yalitolewa kuhusu kiwanda cha magari cha General Motors kilichoko Silao, Mexico, ambako kura ya wafanyakazi ilikuwa imevurugwa. Kura ilirudiwa, mkataba wa zamani ukakataliwa, na mwaka 2022 wafanyakazi wakachagua chama kipya kilichowapatia nyongeza ya asilimia 8.5. Kiwanda hakikufungwa. Kilichofanyika hapo ni kumtafuta mkosaji mwenyewe, kumpa nafasi ya kujirekebisha, na kumwachia mlango wa kurudi sokoni.

Nionavyo mimi, tukitaka kuitoza ushuru sukari iliyotokana na dhuluma, tufanye hivyo kwa masharti hayo. Kiandamwe kiwanda ambacho ushahidi umepatikana dhidi yake, na nchi isihukumiwe kwa jina lake tu. Uamuzi utolewe na chombo ambacho hakifaidiki na kupanda kwa bei ya sukari, maana sisi wakulima na wenye viwanda hatuwezi kuwa mashahidi na mahakimu katika kesi ya mshindani wetu. Na sukari ikiwa chafu, iwe chafu hata mwaka wa ukame.

Lakini sharti la kwanza ni la hapa nyumbani. Kiwanda chochote kinachofaidika na ule ushuru wa asilimia 100 kithibitishe kila msimu kwamba kila tani iliyokatwa imelipwa hadi mkononi mwa aliyeikata. Fedha za ukataji zikishatolewa katika malipo ya mkulima, zisikae kwa mkandarasi hata wiki moja. Mkulima naye, nikianza na mimi, apewe stakabadhi inayoonyesha kwamba mkataji amepokea. Jambo hili halihitaji mkutano wa Singapore wala wa Marrakesh. Linahitaji daftari, kalamu na ofisa wa kazi mwenye nauli ya kufika Ndhiwa.

Yule kijana nilimlipa kutoka mfukoni mwangu. Si kwamba mimi ni mwema; niliona haya. Aliyahesabu matano na makumi, akashukuru, akaniuliza iwapo na wenzake saba niliokuwa sijawajua ningewalipa pia. Sikuwa na fedha hizo. Madai yao bado yako kwa mkandarasi, na sukari iliyotokana na miwa yao imekwisha kunywewa katika chai, ikiwa imelindwa na ushuru wa taifa zima.