Kabla ya Kutupa Ndoano ku Lufira: Karatasi ya Ruhusa Inasema Nini?



Tangu habari ilipotoka kwamba kundi letu linataka kwenda kuvua samaki ku Lufira, upande wa Kapolowe, maneno yamekuwa mengi mu uwanja wa masomo. Wengine wanauliza juu ya chakula, wengine juu ya camion. Lakini ulizo moja linarudi kila siku: je, mtu anayeshika fimbo na uzi tu, anahitaji permis? Tumesikia majibu ya namna tatu. Wa kwanza: "Miye niko élève, batanikamata juu ya nini?" Wa pili: "Mayi ni ya Mungu, hakuna mwenye kuyauzisha." Wa tatu, na huyu ndiye alitutisha zaidi: "Tutatoa kitu kidogo ku bariera, itaisha." Tumeona vema kueleza jambo hili hapa, kwa maana majibu yote matatu yanaweza kutuletea aibu, sisi na masomo yetu.

Kwanza tuseme neno juu ya ile "nzi" ambayo wengi wameiona mu telefoni. Kuko wavuvi wasiotumia chambo cha kweli. Wanafunga manyoya ya ndege, nyuzi na nywele za mnyama juu ya ndoano ndogo, mpaka inafanana na mdudu aliyeanguka ndani ya maji. Nzi huyo wa bandia hana uzito. Uzito uko ndani ya uzi wenyewe, ambao ni mnene, na mvuvi anaurusha nyuma na mbele kwa fimbo kabla ya kuulaza juu ya maji. Si jambo la juzi. Mwandishi wa Roma jina lake Aelian, karibu na mwaka 200, aliandika habari za watu wa Makedonia waliofunga sufu nyekundu na manyoya juu ya ndoano. Katika Afrika yetu, uvuvi huo unajulikana zaidi kule Kenya, katika mito ya baridi inayotoka mlima Kenya na milima ya Aberdare, ambako Wazungu walileta samaki aitwaye trauti mwanzoni mwa miaka ya 1900.

Lufira hakuna trauti. Sisi tuko na kambale, tuko na tilapia, na wengine wengi ambao mama zetu wanawanunua ku soko. Kambale anatafuta chakula chini mu matope, kwa ndevu zake na kwa harufu, zaidi usiku. Nzi wa manyoya akielea juu ya maji, kambale hana habari naye. Tilapia labda. Basi wale wanaotengeneza nzi kwa manyoya ya jogoo wa jirani waendelee, ni kazi nzuri ya mikono (lakini jogoo aombwe kwa mwenyewe kwanza), ila wabebe pia mnyoo ndani ya kikopo. Nzi au mnyoo, ulizo la karatasi ni lilelile.

Sasa tuingie mu jambo lenyewe. Watu wengi wanafikiri permis ni kama tikiti ya mpira: umelipa, umeingia, fanya unavyotaka. Sivyo. Permis ya kuvua inajibu maulizo: nani anavua, wapi, kwa chombo gani, na majira gani. Ukibadilisha moja tu, karatasi yako haikulindi tena. Mtu aliyeandikiwa ruhusa ya ndoano akitandika wavu, ni sawa na mtu asiye na karatasi hata kidogo.

Sheria hizi katika inchi yetu ni za zamani. Wakati wa Wabelgiji ilitoka amri ya tarehe 12 Julai 1932, juu ya zile kampuni zilizopewa sehemu za maji ili zivue. Halafu ikatoka ile ya tarehe 21 Aprili 1937, juu ya uwindaji na uvuvi. Baada ya uhuru zikafuata sheria za kulinda viumbe, ya tarehe 22 Agosti 1969, na nyingine ya tarehe 11 Februari 2014 iliyochukua nafasi yake. Juu ya hizo kuko amri za jimbo, na tangu 2015 jimbo letu ni Haut-Katanga, si Katanga yote kama zamani. Ndiyo maana mzee aliyevua ku Kapolowe miaka arobaini anaweza kukuambia kwa moyo safi, "Hapa hatuombagi karatasi," na bado asiwe na jibu la leo. Tumheshimu, tumsikilize juu ya samaki, lakini juu ya karatasi twende tuulize ofisi.

Ulizo la "wapi" ndilo lenye mambo mengi, tuliangalie polepole.

Lile ziwa tunaloliita Tshangalele si ziwa la asili. Lilifanyika wakati mto Lufira ulipozibwa kule Mwadingusha kwa kutafuta umeme, na kituo cha umeme kilianza kazi mwaka 1930. Chini yake kikajengwa kingine, Koni. Vituo hivyo ni vya SNEL. Karibu na ukuta wa maji na mitambo si mahali pa kuvua, hata ukiwa na permis ya rangi zote: maji yanavuta, na walinzi wako pale kwa kazi yao. Anayetaka kuona mitambo, hiyo ni safari nyingine yenye ruhusa nyingine.

Bonde la Lufira pia kuko sehemu iliyoandikwa na UNESCO mwaka 1982 kuwa hifadhi ya biosfera. Neno hilo linawatisha watu bure. Maana yake si kwamba watu wote wamefukuzwa; ni kwamba watu na viumbe wanatakiwa kuishi pamoja kwa mpango, na kuko sehemu za ndani zinazolindwa zaidi. Lakini park ni jambo lingine kabisa. Tukifuata Lufira kushuka upande wa kaskazini, tunakaribia park ya Kundelungu, iliyofanywa mwaka 1970. Mbele zaidi iko Upemba, ya mwaka 1939. Park zinaangaliwa na ICCN. Ndani ya park hakuna kuvua wala kuwinda bila ruhusa yao, na karatasi iliyotolewa ku territoire haifungui mlango huo. Mwenye kusema "tutembee kidogo mbele, samaki ni wengi zaidi kule" ajue kwamba wako wengi juu ya hiyo sababu tu.

Halafu kuko wenye udongo. Kapolowe iko mu territoire ya Kambove, na kila ukingo wa mto kuko chef wa kijiji ambaye watu wake wanaishi na samaki hao. Serikali inatoa permis, lakini kupita shambani mwa watu, kulala ku kando ya kijiji, kukodi mtumbwi, hayo yanaombwa kwa chef. Msidhani ni desturi ya Waafrika peke yao. Kule Uingereza, kila mtu mwenye miaka 13 au zaidi anayevua samaki wa mito kwa fimbo lazima awe na leseni ya serikali. Kwa vijana wa miaka 13 mpaka 16 leseni hiyo ni bure, lakini lazima waiandikishe. Na hata akiwa nayo, bado ataomba ruhusa ya mwenye sehemu ile ya mto. Karatasi mbili kwa samaki mmoja! Na jibu lao kwa ndugu yetu wa kwanza liko wazi: kuwa mwanafunzi kunaweza kukuondolea malipo, hakukuondolei kuandikwa.

Juu ya vyombo tutasema machache, kwa maana sisi tunakwenda na fimbo. Sumu na vitu vya kupasuka vimekatazwa, tangu zamani. Utupa, yale majani ambayo wazee wanaita buba, yanaua wadogo na wakubwa pamoja, na baruti vilevile. Na katika inchi ya mines kama yetu, baruti si kitu cha kutafuta mbali. Chandarua cha mbu nacho kinakusanya vitoto vya samaki kabla havijazaa. Wale watakaoona mambo hayo ku mto wasiingie katika maneno na wenyeji, wamwambie mwalimu. Kwa ile nzi ya bandia, kuko sababu moja ya kuisifu: mara nyingi ndoano yake inashika ku mdomo, haimezwi, kwa hiyo samaki mdogo anaweza kurudishwa majini akiwa mzima. Ndiyo maana mu mito ya trauti kule Kenya wanaruhusu nzi tu, wanakataza chambo.

Tufike ku majira, na hapa tunaomba kila mtu asikilize, kwa sababu safari yetu yote inasimama au inaanguka hapa. Wengi wanapenda twende wakati wa congé ya Noeli. Sasa tuangalie. Mvua zimeanza, mto unajaa, maji yanaingia mu majani, na samaki wengi wanapanda huko kutaga mayai. Ni wakati huo hasa uvuvi unafungwa. Jirani zetu wa Zambia wanafunga tangu tarehe 1 Desemba mpaka mwisho wa Februari, karibu katika maji yao yote. Upande wetu, jimbo limekwisha kutoa amri za kufunga namna hiyo mu majira ya mvua, na tarehe zinatangazwa kwa amri, si kwa kukisia. Kwa hiyo congé ya Noeli inaanguka katikati kabisa ya wakati mbaya. Mtu mwenye permis nzuri, yenye muhuri na jina lake, akivua wakati mto umefungwa, amevunja sheria sawasawa na mwizi wa usiku. Tena wavuvi wa Kapolowe wenyewe wanakaa na njaa miezi ile ili samaki wazae. Tutawatazamaje usoni, tukitoka mjini na fimbo zetu kwa kucheza tu? Shauri letu ni congé kubwa, mwezi wa saba, wakati wa ukavu. Baridi iko, ndiyo, na kambale wanakuwa wavivu. Lakini njia ni nzuri na mto umefunguliwa.

Yule wa pili, aliyesema maji ni ya Mungu, amesema kweli, na hatuwezi kumpinga mu bulletin ya masomo ya Kiprotestanti. Ila asome Matayo sura ya 17, mistari ya mwisho. Pale Petro anatumwa ku bahari na ndoano, si na wavu, na ile feza anayoipata mu kinywa cha samaki inakwenda kulipa kodi. Kwa Petro samaki alilipa. Kwetu mvuvi analipa mbele, na samaki hana lazima ya kuja.

Na juu ya malipo: feza ya permis inalipwa ku ofisi, na unapewa karatasi yenye namba, tarehe, jina lako na muhuri. Malipo ya serikali ya taifa yanapita ku DGRAD, ya jimbo yanapita ku DRHKAT. Mtu aliyesimama njiani na daftari isiyo na muhuri, akisema "lete ya sukari, mupite," umwite papa kwa heshima, umwonyeshe karatasi ya kundi, umwite mwalimu. Usitoe. "Kitu kidogo" kikitolewa mara moja, wale watakaopita nyuma yetu wataombwa mara mbili, na mvuvi maskini wa Kapolowe asiye na mwalimu wa kumtetea ataombwa kila siku.

Neno moja tena ambalo permis haliandiki. Mto Panda unapita hapa kwetu Likasi, karibu na viwanda, na unaingia mu Lufira. Wataalamu waliopima samaki na udongo wa chini ya ziwa Tshangalele walikuta shaba, kobalti na metali nyingine kwa wingi. Ruhusa ya kuvua haisemi kwamba kila samaki ni mzuri wa kula. Hatutatupa ndoano mahali Panda inapoingia, na matumbo ya samaki tutakaowashika tutayatoa na kuyafukia.

Basi, mambo yatakwenda hivi. Barua itaandikwa kwa jina la masomo, na Préfet ataitia sahihi. Itapelekwa ku ofisi ya Pêche et Élevage inayoangalia territoire ya Kambove. Itauliza: wanafunzi wenye fimbo wanahitaji permis ya kila mtu au moja ya kundi? Bei ni gani? Sehemu gani ya mto? Mwezi wa saba kuko amri yoyote ya kufunga? Tunataka jibu la maandiko, si la mdomo. Barua ya pili itaenda kwa chef wa kijiji, nayo itapelekwa kwa mkono na mwalimu mmoja na wanafunzi wawili wanaojua Kisanga. Wanaotaka kwenda waandike jina lote, mwaka wa kuzaliwa, darasa, na chombo watakachobeba: fimbo na ndoano ngapi. Asiyeandika chombo, jina lake halitaingia. Majina yaachwe kwa mwalimu wa biolojia kabla ya Jumamosi saa sita, na kila mmoja alete karatasi ya mzazi yenye sahihi, hata wale wa darasa la sita wanaojiona wakubwa.