Kabla ya Dripu ya Kwanza

Kijana wa Mwatate, Taita, akigunduliwa saratani, huteremka na wazazi hadi Hospitali ya Moi pale Voi, kisha Coast General, Mombasa, au apande hadi Kenyatta, Nairobi. Nyumbani wanawaza nauli, bima ya SHA, nani atalala naye wodini. Iwapo atawahi kuzaa, hakuna anayeuliza. Mwenyewe swali hilo likimjia hulimeza, maana mama ameketi kando yake.

Na swali hilo halingoji, kwa kuwa baadhi ya dawa za saratani zenyewe huharibu uzazi. Mwaka 1958 daktari Denis Burkitt, akifanya kazi Mulago, Kampala, aliandika juu ya uvimbe wa taya uliokuwa ukiwamaliza watoto wa Afrika. Saiklofosfamaidi, dawa iliyokuja kuwaokoa wengi wao, ingali inatumika, hata kwa saratani ya matiti. Ikitolewa kwa wingi, dawa hiyo hiyo huua mayai ndani ya ovari na kudhoofisha korodani. Mionzi ya nyonga nayo ni vivyo hivyo. Wapo wanaorudiwa na uzazi baada ya miaka. Wapo wasiorudiwa kamwe.

Kwa mvulana aliyebalehe kinga ni nyepesi mno hata inauma kuikosa: shahawa hugandishwa katika naitrojeni ya maji, nyuzi 196 chini ya sifuri, zikakaa miaka mingi. Kuzitoa ni kazi ya siku moja. Msichana huhitaji kama wiki mbili za sindano za homoni ndipo mayai yavunwe, na kuna saratani zisizotoa nafasi hiyo. Binti asiyevunja ungo huweza kuhifadhiwa kipande cha ovari. Mwaka 2004 mwanamke nchini Ubelgiji alijifungua baada ya kurudishiwa chake. Kwa mvulana mdogo, wanasayansi bado wanatafuta.

Kenya ina ujuzi: watoto wa kwanza waliotungwa maabara walizaliwa Nairobi mwaka 2006. Ila kliniki nyingi ni za kibinafsi, na gharama zake huzidi uwezo wa mkulima wa Taita.

Hata hivyo, kuuliza hakugharimu kitu. Fomu ya rufaa inayojazwa Mwatate au Voi iwe na mstari wa uzazi, na muuguzi azungumze na kijana faragha, au mbele ya mjomba anayemwamini, kabla ya kemo. Asiyemudu kugandisha naye aambiwe, kwa kuwa ndiye wakwe watakayemuuliza baadaye mbona nyumba haina mtoto.