Mgeni Kashinda, Mwenyeji Kafurahi

Jumapili ya tarehe 28 Septemba, 2025, katika mji wa Kigali, kijana wa Slovenia aitwaye Tadej Pogačar alifika peke yake kwenye mstari wa mwisho baada ya kuendesha baiskeli kwa muda wa saa 6 na dakika 21. Mwendo wenyewe ulikuwa kilometa 267 na nusu, ambao unazidi mara tatu urefu wa kisiwa cha Unguja, tena si katika nchi tambarare kama yetu bali katika vilima visivyokwisha. Aliyemfuata, Remco Evenepoel wa Ubelgiji, alichelewa kwa dakika 1 na sekunde 28, na wa tatu, Ben Healy wa Ireland, kwa dakika 2 na sekunde 16. Medali zote tatu zikapanda ndege kwenda Ulaya.

Pamoja na hayo, umati wa Wanyarwanda na wageni wao waliojipanga kandokando ya barabara ulishangilia kama watu waliokuwa wakimwoza mtoto wao. Barazani kwetu, mzee mmoja aliyekuwa akitazama picha hizo pamoja nasi aliuliza: "Hawa wanashangilia nini, na mali imekwenda kwa wenyewe?" Vijana walicheka. Sisi hatukucheka, kwa sababu swali la mzee huyo si dogo. Ndani yake limo suala la heshima ya Mwafrika, na limo pia suala la kazi ambayo viongozi wetu wanatakiwa kuifanya. Ndiyo maana leo tumeona tulitolee maoni yetu.

Kwanza hapana budi msomaji aelewe uzito wa jambo lenyewe. Mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalianza mwaka 1921 huko Copenhagen. Tangu hapo yamezunguka Ulaya, yakavuka kwenda Canada, Venezuela, Japani, Kolombia na Australia, na mwaka 2016 yakafika Doha, kwa majirani zetu wa Ghuba. Afrika haikuwahi kuyaona hata mara moja. Ilichukua miaka 104 kwa chama cha dunia cha mchezo huo kutambua kwamba bara letu nalo lina barabara, lina milima, na lina watu wanaojua kutazama. Kwa hiyo waliosimama juani Kigali siku ile walikuwa na sababu ya kwanza ya furaha kabla hata baiskeli ya kwanza haijapita. Waliona kwamba zamu yao imefika.

Sasa tuyatazame mashindano yenyewe. Waliokwenda walitarajia vita. Juma moja kabla yake, tarehe 21 Septemba, katika mbio za kila mtu peke yake na saa yake, Evenepoel alishinda, na njiani akampita Pogačar ambaye alikuwa ameondoka mbele yake. Mashabiki wakasema: bingwa amepatiwa dawa. Lakini siku ya mbio kubwa Pogačar hakungoja mwisho. Zikiwa zimebaki kilometa 104, katika mlima wa Kigali, alichomoka. Waliofuatana naye ni vijana wawili, Isaac del Toro wa Mexico na Juan Ayuso wa Hispania, ambao wakati huo, kwa siku za kawaida, walikuwa wenzake katika timu inayogharamiwa na Falme za Kiarabu. Haukupita muda mrefu Ayuso akashindwa, na baadaye Del Toro naye akaachwa. Kilometa 66 za mwisho bingwa alizikata peke yake, umbali ambao ni kama kuikata Pemba kutoka ncha yake ya kusini hadi ncha ya kaskazini, huku hana mtu wa kumkinga na upepo. Ni vyema asiyeujua mchezo huu aelezwe kwamba anayejificha nyuma ya wenzake hupunguziwa sehemu kubwa ya taabu, na anayetangulia ndiye alipaye gharama ya hewa. Kwenda peke yake masafa yote hayo ni kuukataa msaada wa wote kwa hiari.

Hapa ndipo mashabiki walipogawanyika, na mgawanyiko huo umeendelea katika mabaraza ya dunia nzima.

Kundi la kwanza lilinung'unika. Lilisema kwamba mashindano ambayo mwisho wake unajulikana zikiwa zimebaki saa mbili hayana ladha. Likakumbusha kwamba huko Zürich mwaka 2024 Pogačar alichomoka zikiwa zimebaki kilometa zipatazo 100 na akashinda vile vile. Wiki moja tu baada ya Kigali, tarehe 5 Oktoba, 2025, katika mashindano ya Ulaya huko Ufaransa, alifanya mchezo ule ule, na wa pili akawa Evenepoel yule yule. Wanauliza watu hao: je, tunakwenda kutazama mashindano au kuhudhuria kuapishwa kwa mfalme?

Kundi la pili ni la watu wa "lau". Hao walisema: lau baiskeli ya Evenepoel isingepata kasoro, lau asingelazimika kubadilisha baiskeli mara mbili na kusimama kando ya njia akiingoja gari ya timu yake kwa hasira, mambo yangekuwa mengine. Hatukatai kwamba kijana yule alipatwa na mkosi, na jinsi alivyorudi kutoka nyuma hadi kuipata nafasi ya pili ni ushujaa unaostahili sifa. Lakini mwalimu wetu wa chuoni alikuwa akituonya sana tujihadhari na neno hilo "lau", kwamba ni mlango ambao Ibilisi hupenda kuukuta wazi. Katika mwendo wa kilometa 267 kila mtu ana lau yake. Hesabu inayobaki ni ile ya waliofika.

Kundi la tatu ni lile lililokuwa barabarani, na sisi tunalipa kundi hili haki. Katika mbio hizo upo mpando mfupi wa mawe unaopandisha kuelekea Nyamirambo. Urefu wake haufiki hata nusu kilometa, lakini umesimama kama ukuta, na Ukuta wa Kigali ndilo jina waliloupa. Nyamirambo ni mtaa ambao kwa miaka mingi umekuwa maskani ya Waislamu wa mji ule na wasemaji wa lugha yetu ya Kiswahili. Watu walijazana pande zote mbili hata njia ikabaki wembamba. Wakampigia kelele wa kwanza alipopita. Alipokwisha kupita hawakuondoka. Wakampigia kelele wa pili, wa kumi, wa hamsini, na yule wa mwisho kabisa ambaye jina lake hawakulijua na bendera yake hawakuitambua. Siku moja kabla yake, katika mbio za wanawake, alishinda Magdeleine Vallieres wa Canada, ambaye si wengi waliomtaja kabla ya mbio kuanza. Basi Jumamosi mshindi alikuwa yule asiyetarajiwa, na Jumapili alikuwa yule aliyetarajiwa na kila mtu. Kelele za barabarani zilikuwa zile zile.

Hii ndiyo jawabu yetu ya kwanza kwa mzee wa barazani. Watu wale hawakuwa wakishangilia Ulaya. Walikuwa wakishangilia jasho. Na jasho walikuwa wanalijua, kwa sababu katika vilima vya Rwanda baiskeli ndiyo gari la mnyonge: hubeba ndizi, hubeba maji, hubeba abiria. Mtu aliyewahi kusukuma mzigo wa viazi katika mpando ule hahitaji kufundishwa na mtangazaji kwamba anayeupanda kwa mbio anafanya kazi nzito. Katika mbio hizo waliomaliza ni wanaume 30 tu, na waliokatwa na milima njiani ni zaidi ya 100. Mpagazi wa Nyamirambo aliwapigia makofi kama fundi ampigiavyo makofi fundi mwenzake.

Lakini mzee wetu ana haki ya kuuliza tena, na jawabu ya pili ni chungu zaidi. Kushangilia kazi njema ya mgeni si kasumba. Kasumba ni kuridhika na kushangilia tu. Mbio za kuizunguka Rwanda zimo katika kalenda ya kimataifa tangu mwaka 2009, na kati ya mwaka 2014 na 2018 wananchi wenyewe walizishinda kila mwaka. Mwaka 2019 daraja la mbio hizo lilipandishwa, zikaja timu zenye fedha zaidi, na tangu hapo hakuna Mnyarwanda aliyezishinda. Vilima havikubadilika, wala vifua vya vijana havikupungua pumzi. Kilichobadilika ni gharama. Baiskeli moja ya mashindano ya leo yaweza kuzidi bei ya gari dogo lililotumika. Ongeza hapo waganga, mafundi, wapishi, safari za ndege na hati za kuingia Ulaya, ambako ndiko mbio nyingi zinakofanyika, na utaona kwamba kijana wa Kiafrika huanza mbio akiwa nyuma kabla kipenga hakijalia.

Kwamba jambo hili lawezekana, ndugu zetu wa Eritrea wamekwisha kutuonyesha. Huko baiskeli ilikuja na Mtaliana, mkoloni wao, na wao wakaufanya mchezo ule kuwa wao. Tarehe 27 Machi, 2022, Biniam Girmay alishinda mbio za Gent–Wevelgem huko Ubelgiji, mwendo wa kilometa karibu 250 kwa siku moja, na mji wa Asmara ukampokea kama shujaa wa taifa. Mwaka 2024 akashinda vituo vitatu katika mbio za kuizunguka Ufaransa na kuvaa fulana ya kijani hadi mwisho. Vilima vya Kigali havikumfaa mtu wa mbio za kasi kama yeye, na hakuwamo katika walioshindania medali. Hata hivyo bendera za Eritrea zilipepea barabarani tangu asubuhi. Taifa lililokwisha kuonja ushindi halioni aibu ya kushindwa siku moja.

Tunapenda kumalizia kwa neno kwa ndugu zetu viongozi. Serikali ya Rwanda ilifunga shule za mji mkuu kwa juma zima na kuwaagiza watumishi wafanye kazi majumbani ili barabara ziwe wazi. Wapo waliosifu uamuzi huo na wapo waliosema kwamba serikali inajipamba. Bunge la Ulaya nalo, mwezi Februari 2025, lilitaka mashindano yafutwe ikiwa Rwanda haitabadilisha mwenendo wake katika vita vya mashariki ya Kongo. Sisi twasema kwamba kila serikali inayoukaribisha ulimwengu lazima iwe tayari kuulizwa maswali, na swali la kwanza liulizwe na mama muuza mboga ambaye njia yake ya sokoni ilifungwa: mimi nimebakiwa na nini baada ya wageni kuondoka? Lami iliyobaki ikimfaa yeye, hapo mashindano yamelipa. Ikibaki picha tu, basi tulialikwa katika karamu ya watu wengine.

Nasi wa visiwani tusidhani kwamba habari hii ni ya mbali. Mvuvi anayepeleka samaki mnadani, mwalimu anayekwenda shule ya kijiji cha pili, mkulima anayerudi kutoka kwenye mikarafuu yake, wote hao wamepanda baiskeli. Hawaombi fulana ya bingwa wa dunia. Wanaomba kwamba barabara inapopanuliwa kwa ajili ya magari, waachiwe ukingo wa kupita bila ya kusukumwa mtaroni. Kijana mwenye pumzi atatokea miongoni mwao, lakini atatokea tu ikiwa barabara itamwacha hai.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kigali mgeni alikuja, akashinda, akaondoka na fulana yake. Kupona kwa mwenyeji ni kazi ya mwenyewe, na kazi hiyo huanza siku ambayo makofi yamekwisha na barabara zimefunguliwa.