Msimu wa Wageni na Msimu wa Kura

Kalenda ya Zanzibar ina mgongano ambao wenye hoteli wanaujua vizuri kuliko wanasiasa. Wageni huanza kurudi Juni, masika yakishapita, wakafurika Julai na Agosti. Kisha kunapoa kidogo, watu wanapumua, wanapaka rangi na kuezeka upya kwa ajili ya Krismasi na mwaka mpya, wakati chumba cha Nungwi au Paje huuzwa kwa bei ya juu kuliko siku zote. Uchaguzi mkuu nao, kila baada ya miaka mitano, huangukia mwishoni mwa Oktoba. Kwa hiyo wiki ambazo mawakala wa Ulaya wanauza safari za Desemba ndizo wiki ambazo Unguja na Pemba zinasubiri matokeo, magari ya vikosi yako barabarani na redio haizimwi.

Barua pepe huanza kuingia mapema: hali ikoje huko? Jibu ni moja kutoka Kendwa hadi Jambiani: hali ni shwari, karibuni. Anayeliandika huenda asubuhi hiyo hiyo amenuniana na shemeji yake kwa sababu ya bendera iliyopandishwa juu ya paa. Hilo haliandikwi. Na wala si uongo, kwa sababu ufukweni kweli ni shwari.

Watu wa bara huniuliza Zanzibar ni pepo au ni fujo, kana kwamba lazima iwe kimoja. Mimi huwajibu kwa lugha ya uchumi, ambayo ndiyo kazi yangu. Utalii hupandisha gharama ya kugombana. Anayevuruga amani anajua ni mikate ya watu wangapi anaigusa. Lakini utalii huo huo hupandisha thamani ya kushinda, kwani anayeshika serikali ndiye anayeshika funguo za pwani. Nguvu hizi mbili zinavutana ndani ya kila kijiji chenye hoteli, mara nyingi ndani ya nyumba moja.

Mgawanyiko wenyewe wa kisiasa si wa kubuni. Katika uchaguzi wa kwanza baada ya kurejeshwa vyama vingi, Oktoba 1995, Dk. Salmin Amour wa chama tawala, CCM, alitangazwa mshindi wa urais wa Zanzibar kwa asilimia 50.2 dhidi ya asilimia 49.8 za Maalim Seif Sharif Hamad wa chama cha upinzani, CUF. Mwaka 2010 Dk. Ali Mohamed Shein alipata asilimia 50.1, Maalim Seif 49.1. Ramani nayo ilikuwa wazi: kwa miaka mingi karibu Pemba yote ilikwenda upinzani na sehemu kubwa ya Unguja ikabaki CCM. Mwaka 2005 CUF ilichukua majimbo yote 18 ya Pemba na jimbo moja tu Unguja, la Mji Mkongwe. Milango ya nakshi, vichochoro na baraza ambazo kila mgeni huzipiga picha zilikuwa ndani ya jimbo pekee la upinzani kisiwani humo, na yeye akapita zake kuelekea Forodhani kula pweza wa kuchoma bila habari yoyote.

Tuanze na mazuri, maana yapo, na huwa hayasemwi kwa sababu hayana kelele. Serikali yenyewe hukadiria kuwa utalii unaleta karibu asilimia 30 ya pato la visiwa na takriban asilimia 80 ya fedha za kigeni. Mwaka 2024 waliingia wageni zaidi ya 700,000, katika nchi ambayo sensa ya 2022 iliihesabu kuwa na watu 1,889,773. Faida kubwa ya kisiasa, kwa maoni yangu, ni kwamba utalii umefungua riziki isiyopitia tawi la chama. Zamani mwajiri alikuwa serikali, mnunuzi wa karafuu serikali, mtoa kibali serikali. Baada ya 1995 malalamiko ya Wapemba kuondolewa kazini serikalini yalikuwa ya kila siku, na aliyepoteza ajira ile hakuwa na mahali pengine pa kugonga. Mtembeza wageni mwenye Kitaliano kizuri na wateja wake mwenyewe ana mahali pa kugonga. Anaweza kukaa kwenye maskani anayoitaka jioni, yaani kijiwe cha wafuasi wa chama, na kesho yake gari la wageni likamfuata kama kawaida.

Halafu kuna jikoni. Ingia nyuma ya hoteli yoyote ya pwani ya mashariki saa ya kuandaa chakula cha usiku. Anayepara samaki ametoka Wete huko Pemba, anayekuna nazi ni wa Makunduchi, mpishi mkuu kazaliwa Moshi, mwosha vyombo ni kijana wa hapo hapo kijijini aliyeajiriwa ili wanakijiji wasinung'unike. Sheria ya kazi ni kwamba siasa haizungumzwi mbele ya mgeni na nguo za chama hazivaliwi zamu ikianza. Watu hawa wanapishana kwenye jiko moja miezi kumi kwa mwaka. Wanajua nani mtoto wake anaumwa na nani ana deni dukani. Sitaki kusema hilo linamaliza uhasama, ila nimeona linapunguza urahisi wa kumfanya jirani kuwa adui wa kwenye hotuba.

Na gharama ya damu imeonekana. Januari 2001, baada ya uchaguzi wa 2000 uliorudiwa katika majimbo 16 ya mjini, maandamano yalikutana na risasi. Waliuawa watu zaidi ya 20, na zaidi ya 2,000 walivuka bahari kwenda Shimoni, Kenya. Ilikuwa mara ya kwanza Tanzania, nchi iliyozoea kupokea wakimbizi, kutoa wa kwake. Muafaka kati ya CCM na CUF ukasainiwa Oktoba mwaka huo. Mwaka 2009 Rais wa Zanzibar, Amani Abeid Karume, na Maalim Seif wakakutana na kuanzisha maridhiano, na Julai 2010 kura ya maoni ikapita kwa asilimia 66.4 kuruhusu Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Wapo watakaosema ni busara ya viongozi, wengine watataja shinikizo la nje. Sioni sababu ya kukataa lolote kati ya hayo, lakini visiwa vyenye uchumi wa vitanda vya hoteli vina sababu ya ziada ya kuogopa picha za maiti kwenye televisheni za Milano na London.

Basi hapo ndipo ubaya unapoanzia, kwa sababu ni lazima tujiulize mtalii anaogopa nini hasa.

Oktoba 28, 2015, kura zikiwa bado zinatangazwa, Mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar, Jecha Salim Jecha, alifuta uchaguzi wote. Ukumbi wa matokeo ulikuwa Hoteli ya Bwawani, na siku hiyo hoteli ilizungukwa na askari wenye silaha. Uchaguzi ulirudiwa Machi 20, 2016, CUF wakaususia, na Dk. Shein akatangazwa kwa asilimia 91.4. Siku chache baadaye shirika la misaada la Marekani la MCC lilisitisha mpango wa zaidi ya dola milioni 470 kwa Tanzania, likitaja uchaguzi huo pamoja na sheria ya makosa ya mtandao. Wafadhili walikasirika. Watalii je? Walioingia Zanzibar mwaka 2016 walikuwa wengi kuliko wa 2015.

Mtu anayetaka kuelewa siasa za eneo la kitalii autafakari ukweli huo kwa muda. Mgeni haadhibu uchaguzi wenye utata. Hausomi. Anachoadhibu ni moshi, risasi na barabara iliyofungwa kwenda uwanja wa ndege. Kwa hiyo kishawishi kinachojengwa na utalii ni cha kuweka utulivu, kwa njia yoyote, na wala si cha kuweka haki. Mtawala anaweza kuupata utulivu huo kwa maridhiano, kama 2010. Anaweza pia kuupata kwa vikosi kila kona. Miezi ile ya 2015 na 2016, wakazi wa mitaa ya mjini walisimulia habari za "mazombi", watu waliofunika nyuso wakishuka usiku kutoka kwenye magari na kupiga watu maskani. Kilomita 50 kaskazini, ngoma ya ufukweni ilikuwa inaendelea.

Linganisha na Agosti 2013, wasichana wawili Waingereza waliokuwa wakijitolea kufundisha walipomwagiwa tindikali Mji Mkongwe. Dunia nzima ilijua kabla ya usiku kuisha, na serikali ikahangaika, kama ilivyopasa. Lakini tindikali haikuanzia kwao. Kiongozi wa dini wa hapa hapa alishamwagiwa pia. Masheikh wa Uamsho, jumuiya ya Kiislamu ya hapa, walikaa mahabusu kwa miaka hadi Juni 2021, mashtaka ya ugaidi yalipofutwa, na katika miaka yote hiyo hakuna wakala wa safari aliyeuliza habari zao. Kuishi katika eneo la kitalii ni kujua kwamba kuna maumivu yenye soko na maumivu yasiyo na soko.

Sasa zile funguo za pwani. Tangu Mapinduzi ya 1964 ardhi ya Zanzibar ni mali ya serikali. Mwananchi aligawiwa eka tatu tatu, mwekezaji hupewa mkataba wa kukodi wa miaka mingi. Kwenye ukanda wa mawe wa mashariki, ambako hata muhogo hukua kwa kubembelezwa, ardhi ilikuwa haina bei. Waliouza mapema waliuza minazi iliyosimama juu yake. Leo kiwanja cha mbele ya bahari ni utajiri, na anayesaini karatasi ni serikali. Mwishoni mwa 2021 ilipotangazwa kwamba visiwa vidogo kadhaa vimekodishwa kwa wawekezaji, mjadala uliwaka siku nyingi, na haukuwa wa mazingira tu. Watu walikuwa wanauliza nani anagawa na nani anagawiwa. Kadiri wageni wanavyoongezeka, ndivyo kalamu ile inavyozidi kuwa na thamani, na ndivyo kura moja inavyozidi kupiganiwa.

Ngazi ya chini ya mambo haya ni sheha, kiongozi wa serikali katika ngazi ya mtaa. Ukitaka Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, unaanza kwake kupata barua ya kuthibitisha kuwa unaishi hapo. Kitambulisho hicho ndicho njia ya kujiandikisha kupiga kura, na kinaulizwa pia kwenye ajira na huduma. Sheria ya uchaguzi kwa miaka mingi imemtaka mpiga kura awe ameishi jimboni miezi 36 mfululizo. Kwa mvuvi wa Mkokotoni hilo halina tabu. Kwa kijana wa Micheweni, Pemba, anayefanya kazi Matemwe msimu huu na Bwejuu msimu ujao, akirudi kwao masika hoteli zikifungwa, ni mtego. Kule anaambiwa amehama, huku anaambiwa hajahamia. Upinzani umekuwa ukidai kwa muda mrefu kwamba wapiga kura wao wananyimwa vitambulisho kwa njia hii huku wageni kutoka bara wakipewa. CCM imekuwa ikikanusha. Hata ukiwaacha wote wawili, mfumo ulioandikwa kwa ajili ya watu wasiohama hauwezi kuutendea haki uchumi unaoishi kwa kuhamahama.

Hapo hapo chuki dhidi ya mtu wa bara hupata mbolea. Hoteli huajiri sana kutoka bara na Kenya, kwa hoja kwamba wana mafunzo na Kiingereza. Kijijini husemwa kwamba vijana wa hapa hawatakiwi kwa sababu ya swala na kwa sababu wanakataa kazi ya baa. Kuna ukweli nusu kila upande. Mwaka wa kawaida ni manung'uniko ya kibarazani. Mwaka wa uchaguzi yanageuka sera. Muungano nao unaingia: utalii si jambo la Muungano, Zanzibar ina kamisheni yake, lakini uhamiaji ni wa Muungano. Tangu Oktoba 2024 mgeni wa nje anatakiwa kulipia dola 44 za bima ya Zanzibar. Viza ni karatasi ya Jamhuri. Mgeni anaona ada mbili, mwenyeji anaona mamlaka mbili.

Niseme kwamba kuna walio na hali mbaya zaidi. Kupro imegawanyika kwa mstari wa kijeshi tangu 1974, na Varosha, ufukwe uliokuwa na hoteli za kifahari, ulizungushiwa uzio ukaachwa uoze kwa zaidi ya miaka 40. Zanzibar haina mstari unaoweza kuwekewa kizuizi. Mstari wetu unapita katikati ya sinia ya pilau, jambo ambalo ni gumu kuishi nalo lakini pia gumu kulifungia uzio.

Pemba ndiyo ya kutazamwa kuanzia sasa. Kwa miaka 30 ya utalii kisiwa hicho kimekuwa na hoteli za kuhesabika, kikabaki na karafuu zake ambazo kwa sehemu kubwa huuzwa kwa shirika moja la serikali, na watu wake wakivuka kwa boti kwenda kutandika vitanda Unguja. Sasa uwanja wa ndege unapanuliwa na barabara ya Chake Chake hadi Mkoani inajengwa upya. Wawekezaji watafuata, na mikataba ya pwani itaanza kusainiwa katika majimbo ambayo kwa miongo yaliukataa mkono unaosaini. Ajira zikienda kwa wenyeji, huenda ukawa ufunguzi mkubwa kuliko muafaka wowote wa karatasi. Zikienda kwa watu wa nje, kama zilivyokwenda Kiwengwa huko Unguja, malalamiko yaliyokuwa ya kura yatapata na ardhi ya kusimamia, na safari hii mbele ya wageni.